Maua kando ya lengalenga



Juma lililopita, mkutano ulipokwisha na kila mtu akitafuta viatu vyake mlangoni, mama mmoja alitushika mkono akatuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu: "Mwalimu, ni kweli mmepanda maua katikati ya mboga? Watoto wenu wanakula maua?" Tulicheka wote wawili. Lakini usiku tulilifikiri tena swali lake, tukaona si la kuchekwa.

Parseli zetu hapa Bukavu tunazijua. Nyumba imekaa juu ya kichwa cha nyumba nyingine, mteremko unachosha magoti, na pale palipobaki udongo wa kulima, ukipata hatua kumi kwa hatua sita unamshukuru Mungu. Mahali kama hapo mtu anahesabu kila shimo. Shimo la ua ni shimo ambalo lingebeba shu moja, na shu moja ni mboga ya siku mbili. Mama aliyeuliza alikuwa na haki ya kuuliza. Leo basi tunamjibu, na tunaanza na kosa letu wenyewe.

Mama yetu mzazi, aliyeisha kututoka, alipenda maua. Kwenye kiwanja alichotuachia kulikuwa na dalia nyekundu kubwa kando ya mlango, kosmosi chini ya dirisha, na yale maua ya rangi ya machungwa yenye harufu kali ambayo tangu utoto tuliyaita maua ya kunuka. Vitabu vinayaita tajeti. Aliyapanda popote: kwenye kichwa cha tuta la tomati, kati ya mistari ya maharagi, hata kando ya choo. Hakusoma kilimo. Ukimuuliza sababu, alijibu kwamba bustani isiyo na maua inamchosha macho, basi.

Kisha ukaja mwaka mmoja mgumu. Mshahara wa mwalimu ulichelewa, binti yetu mkubwa alikuwa anaingia sekondari, na minervali haijui kungoja. Tukakaa na baba wa watoto, tukafanya hesabu kwenye karatasi. Siku ya posho iliyofuata tuling'oa maua yote. Yote, asubuhi moja. Tuliyatupa nyuma ya choo pamoja na takataka, na viazi vya dalia mbuzi wa jirani akavimaliza. Mama mkwe wetu alikuwa amekaa kwenye kiti akitutazama, akasema sasa tumepata akili, maua ni ya makaburi na ya nyumba za wazungu, tumbo halijui rangi.

Pale pa maua tulipanda lengalenga, shu, tomati, na kando ya lugo maboga manne. Lengalenga ilitupa vizuri, tukakula na kuuza mafungu machache. Lengalenga haina shida, yenyewe inazaa kwa upepo na sisi tunachotaka ni majani tu. Shida ilianza kwenye shu. Vile vidudu vidogo vya rangi ya majivu vinavyokusanyika chini ya majani na kuyakunja, vidukari, vilijaa mpaka ukigusa jani vidole vinanata. Tukaenda sokoni, tukanunua dawa. Muuzaji alitupimia kwenye chupa ya soda, bila karatasi, bila jina, akatuambia kifuniko kimoja kwa ndoo moja. Tukanyunyiza kila siku ya posho asubuhi, kabla jua halijawa kali: shu, tomati, na kwa kuwa dawa ilikuwa imebaki, maboga pia.

Maboga yalikuwa yametambaa mpaka juu ya lugo, yana majani makubwa na maua mengi ya njano. Tulihesabu faida kabla ya wakati. Tulikuwa tumeisha kuyagawa: mawili ya kula, mengine ya kuuza, mbegu za kukaanga. Halafu tukaona vile viboga vidogo, vyenye ukubwa wa yai la kuku, vinageuka njano, vinaoza kwenye ncha, vinaanguka. Kila juma vingine vinaanguka. Jirani mmoja alisema ni jicho baya la mtu aliyepita barabarani akasifu. Hatukumcheka, maana na sisi tulianza kulifikiri jambo hilo.

Msimu ule hatukuvuna boga hata moja.

Lakini si maboga yaliyotufanya tuache ile dawa. Jioni moja tulikuwa tunapika sombe, kitinda mimba wetu mwenye miaka 4 akawa kimya. Mama mwenye watoto anajua kimya cha namna ile. Tulimkuta chini ya meza na chupa ya soda mapajani, kifuniko ameisha kukifungua. Alikuwa hajanywa. Tulimnusa mdomo, tulimnawisha mikono na uso kwa sabuni, tulikaa macho usiku kucha tukisikiliza anavyopumua. Asubuhi aliamka akaomba chai. Ile chupa tuliiondoa nyumbani siku ileile. Tangu hapo, dawa isiyo na karatasi yake haivuki mlango wetu, na kitu chochote cha sumu hakitiwi ndani ya chupa ambayo mtoto anajua ni ya soda. Mama yeyote anayesoma hapa na ana chupa ya namna hiyo chini ya meza, aweke karatasi hii chini kwanza aende kuitoa.

Basi, tukabaki na shu zenye vidudu, bila dawa, na maboga yasiyozaa. Tulirudi kwenye madaftari yetu ya zamani ya chuo, yale ya somo la mimea, ambayo tulikuwa tumeyasoma kwa ajili ya mtihani tu. Aibu ya mwalimu ni hiyo: tumewafundisha watoto miaka mingi sehemu za ua ubaoni, kwa chaki za rangi, wala hatukuwahi kuinama kutazama ua la boga nyumbani kwetu.

Tuwaambie tulichosoma. Boga lina maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja. La kiume linasimama juu ya kikonyo chembamba kirefu. La kike lina kikonyo kifupi, na chini ya majani yake ya njano kuna kijiboga tayari, kidogo sana, kinangoja. Maua ya kiume hutangulia kwa siku kadhaa au juma zima, ndiyo maana wengi wetu huona maua yanaanguka na kusema boga hili ni dume, tuling'oe. Si dume. Lisubirini.

Sasa, unga wa ua la kiume ni mzito na unanata. Upepo hauwezi kuubeba. Ni lazima nyuki auchukue miguuni na kuupeleka kwenye ua la kike, tena si mara moja, mara nyingi. Na muda ni mfupi: ua linafunguka alfajiri, kabla ya saa sita mchana limeisha kujifunga, na kesho halifunguki tena. Kama asubuhi ile nyuki hakupita, kile kijiboga kinageuka njano, kinaoza kwenye ncha, kinaanguka. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Sisi tulinyunyiza dawa saa mbili asubuhi, maua yakiwa wazi. Kila nyuki aliyeingia alikufa au alirudi kwao mgonjwa. Na kwa kuwa tulikuwa tumeng'oa kosmosi, dalia na maua ya kunuka, hakukuwa na kitu cha kuwavuta nyuki wengine kupita kwetu kabla ya boga kuchanua. Dawa lilikuwa kosa kubwa, maua lilikuwa la pili. Jicho baya halikuwemo.

Tuliwapeleka wanafunzi wetu wa mwaka wa tano kutazama wenyewe. Kila kikundi kilikaa mbele ya ua moja la boga, mapema, kabla ya kengele, wakiandika nani anaingia na nani anatoka. Kwenye kiwanja cha mzee mmoja anayelima karibu na shule, ambaye ana turnesoli na maua mengine mengi, walihesabu nyuki mpaka wakapoteza hesabu na kuanza kubishana. Kwetu walihesabu nzi wawili. Mtoto mmoja alisema mbele ya wote: "Mwalimu, kwenu hakuna wafanyakazi." Hatukumwadhibu.

Kama nyuki hawapo, boga lako linaweza kusaidiwa kwa mkono. Asubuhi mapema chuma ua la kiume, ng'oa majani yake ya njano ubaki na kile kijiti cha katikati chenye unga, kiguse kwa upole katikati ya ua la kike, kila upande. Ua moja la kiume linatosha kwa mawili matatu ya kike. Hata tango na kurijeti hufanyiwa hivyohivyo. Tomati haihitaji hivyo, ua lake linajizalisha lenyewe. Linachopenda ni kutikiswa kidogo na upepo, au na wale nyuki wakubwa weusi wanaovuma. Maharagi nayo hujizalisha. Tunasema hili ili mtu asiseme tumesema mboga zote zinahitaji nyuki. Lakini mwenye maboga, matango, maracuja, anahitaji wafanyakazi hao, na hawalipwi franka, wanalipwa maua.

Msimu uliofuata tulianza tena. Mbegu hatukununua. Pale nyuma ya choo tulipotupa maua ya mama yetu, maua ya kunuka yalikuwa yameota yenyewe katikati ya takataka, miche kama thelathini. Tuliitazama tukakaa kimya kidogo. Kisha tukaihamisha.

Maua haya watu wanayasifia kupita kiasi. Utasikia ukipanda mawili kwenye pembe ya bustani wadudu wote wanakimbia. Si kweli, msidanganyike. Kazi yake kubwa iko chini ya udongo. Kuna minyoo midogo sana, jicho haliioni, inayoingia kwenye mizizi ya tomati, mbilingani, karoti na lengalenga. Tomati inakauka kidogo kila mchana, inabaki fupi, na ukiing'oa unakuta mizizi imevimba vifundo vifundo kama rozari. Mizizi ya maua ya kunuka inatoa kitu kinachodhuru minyoo hiyo. Lakini ili kifanye kazi, tuta lote lijazwe maua hayo peke yake, yakiwa karibu karibu, kiganja na nusu kati ya mmea na mmea, kwa miezi miwili au mitatu, tena upalilie, maana magugu yakibaki minyoo inahamia humo. Kisha unayakata, unayachanganya na udongo, na baadaye unapanda tomati. Sisi tuna matuta matano. Kila msimu tuta moja linapumzika na maua, mengine yanalimwa. Ndiyo, ni tuta moja la mboga tunalolikosa. Lakini tuta la tomati lenye vifundo lilikuwa halitupi kitu vilevile, tofauti ni kwamba lilikuwa linatuchosha.

Hapa tuwe waangalifu. Mama mmoja wa kikundi chetu aling'oa maharagi yake yote baada ya kutusikia tukizungumza vifundo. Vifundo vya maharagi ni jambo jingine. Vile ni vya faida, vinalisha udongo. Utavitambua hivi: kifundo cha maharagi kimekaa kando ya mzizi kama shanga iliyobandikwa, ukikikwaruza kwa ukucha kinatoka, na ukikipasua ndani ni chekundu kidogo kama nyama. Kifundo cha ugonjwa ni mzizi wenyewe uliovimba, hakitoki ila mzizi ukatike. Tulimwomba msamaha yule mama, tukamgawia maharagi yetu.

Kapusini nayo tuliipata kwa jirani. Majani yake ni ya mviringo kama sahani ndogo, maua ya njano na mekundu. Hii kweli inaliwa, majani na maua, ina ukali kama radi, na watoto wetu wanaikata wakaiweka juu ya maharagi. Kwa hiyo mama aliyetuuliza, jibu ni ndiyo, wanakula, lakini hilo moja tu. Kazi nyingine ya kapusini ni kudanganya vidudu. Vidukari vyeusi vinavyopenda maharagi vinaipenda pia, vinakusanyika juu yake. Ipande hatua moja au mbili mbali na maharagi, siyo ndani yake. Na uitembelee. Ukiona imejaa, kata tawi lile, lizike au lichome. Ukiiacha imejaa, umewajengea vidudu nyumba ya uzazi, na watoto wao watahamia kwenye maharagi. Mwaka wa kwanza tuliisahau juma mbili wakati wa mitihani, na tulijuta.

Kwa shu, kilichotusaidia zaidi ni uvivu. Shu ya Kichina mbili tatu zilizeeka kabla hatujazivuna, zikapanda juu, zikatoa maua madogo madogo ya njano. Baba wa watoto alitaka kuziondoa. Tukamwambia ziache kwanza. Juma lile lile wakaja nzi wa namna nyingine, wanaofanana na nyuki kwa mistari ya njano na nyeusi lakini wana mabawa mawili tu, wanasimama hewani bila kusogea. Hao hawaumi. Wanakunywa utamu wa maua madogo yaliyo wazi, kisha wanataga mayai penye vidukari, na mtoto wao, ambaye ni kama funza mdogo asiye na miguu, anakula vidukari kutwa. Wale wadudu wadogo wekundu wa mviringo wenye madoa meusi wanafanya kazi hiyohiyo, na watoto wao ni weusi, wembamba, wabaya wa sura, sisi tulikuwa tunawaponda kwa kidole tukidhani ni adui. Kabla ya kuponda kitu, sasa tunakitazama kwanza kinakula nini. Shu zetu hazikuwa safi kabisa. Majani ya nje tuliyatupa, mengine tuliyamwagia maji ya sabuni kidogo jioni. Lakini tulikula shu, na tuliuza shu.

Kuna ua jingine mnalipita kila siku bila kulitazama: ile miti ya majani machungu na maua makubwa ya njano iliyojaa kando ya barabara na kwenye lugo, tithonia. Asili yake ni Meksiko, lakini hapa Kivu imekuwa mwenyeji kuliko sisi. Majani yake mabichi ni mbolea nzuri sana, yanaoza upesi. Tunayakata kabla hayajachanua, tunayakatakata kwa panga, tunayafukia ndani ya tuta juma moja au mawili kabla ya kupanda. Kwa mtu asiye na ng'ombe wala pesa ya mbolea ya dukani, hii ni msaada mkubwa. Ila ibaki nje, kwenye lugo. Ikiingia ndani ya bustani hutaitoa tena, inaota hata kwa kijiti kilichoanguka. Turnesoli nayo mahali pake ni pembeni. Ni ndefu, ina kivuli na ina njaa, inakula udongo kama kijana wa miaka 15. Mbili tatu kwenye pembe zinatosha kwa nyuki na kwa kuku.

Wengine watatuuliza juu ya piretre, ile pareto iliyolimwa tangu wakati wa ukoloni huko milimani Kivu ya Kaskazini. Ni ua jeupe lenye moyo wa njano na linaua wadudu kweli. Lakini dawa ya maua si maji matakatifu. Inaua nyuki pia, na samaki inawaua upesi sana, nasi maji yetu yote yanateremka ziwani. Mwenye kuitumia anyunyize jioni, nyuki wakiisha kulala, na asioshe ndoo yake mtoni.

Tena kuna maua ambayo hatutaki kuyaona karibu na mboga wala karibu na watoto. Yale makubwa meupe yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo wengi wanayapanda mlangoni kwa sababu yananukia usiku, yana sumu tangu jani mpaka mbegu. Lorie-rozi ni hivyohivyo, hata kijiti chake kisitumike kuchomea nyama. Mbegu za mbarika zinapendeza kama shanga, na ni hatari. Mnaopanda arome kwa ajili ya arusi na mazishi, ziwekeni chini kwenye mfereji, mbali na lengalenga, maana mtoto akitafuna jani lake mdomo unawaka. Nyumbani kwetu sheria ni moja na watoto wanaiimba: ua lisilotoka mkononi mwa mama halitiwi mdomoni.

Mnataka kujua habari ya maboga. Mwaka huo tulipanda manne tena, kando ya lugo ileile. Tulivuna saba. Moja lilikuwa kubwa hata watoto wawili walilibeba pamoja, na mama mkwe alilikalia kwanza kama kiti ili kupima. Minervali ya binti haikutoka kwenye maboga peke yake, tusidanganyane, lakini sehemu yake ilitoka pale, na daftari zote za wadogo pia. Maua nayo tunayauza kidogo, mashada ya arusi, bila kutafuta. Wanakuja wenyewe kupiga hodi.

Mama mkwe mpaka leo hajasema neno moja zuri juu ya maua yetu. Anasema tunacheza. Lakini tumemwona, jioni akidhani hakuna mtu, anapita na kijisu, anachuma kapusini, anaiweka ndani ya kitambaa anaenda nayo kwake.

Mvua za Septemba zimekaribia, na sasa ndio wakati wa kuandaa. Maua ya kunuka yakikauka kichwa chake, kivute, utaona mbegu nyembamba nyeusi kama sindano zenye mkia mweupe. Zikaushe kivulini, zifunge ndani ya karatasi, siyo ndani ya plastiki, maana zinaoza. Zinaota ndani ya juma moja. Kapusini mbegu zake ni kama punje za mahindi zilizokunjamana. Lowesha usiku mmoja, tia kwenye shimo lenye kina cha kidole kimoja, udongo usiwe na mbolea nyingi, la sivyo inatoa majani bila maua.

Siku ya posho ijayo, kwenye mkutano, tutakuwa na bahasha ndogo ndogo za mbegu hizo, tumezifunga kwa karatasi za madaftari ya mwaka uliopita, kwa hiyo msishangae mkikuta hesabu za kugawanya. Ni za bure, kila mama achukue moja. Na kama kuna mama ambaye kwake bado ipo dalia nyekundu ya zamani, ile ya maua makubwa, atuachie kiazi kimoja tu. Tutambadilishia kwa boga.